Hadithi Njoo: Sauti za Wazee na Simu ya Mkononi

  Leo tungependa kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu tulilijua kabla ya kujua kusoma, yaani kusimuliwa hadithi. Swali letu ni hili: Je, sanaa hii ya wazee wetu itaishi katika siku hizi za simu na intaneti, au itakufa mikononi mwetu huku tunaitazama?

Tuanze na jambo lililotupata sisi wenyewe. Tunalieleza bila kujisifu, kwa maana sehemu yake moja ni aibu yetu.

Miaka michache iliyopita tulikwenda kumtembelea nyanya mmoja, mshiriki wa kanisa, aliyekuwa akiishi chini ya mlima Kasigau katika nchi ya Wataita. Umri wake ulikuwa umepita miaka 80. Tulikuwa tumeambiwa kwamba yeye anajua habari za safari ya Malindi kuliko mtu yeyote wa kijiji kile. Wasiojua habari hiyo tutawaeleza kwa kifupi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikuwa wakivuka mpaka kutoka nchi ambayo leo ni Tanzania na kuishambulia reli. Waingereza waliotawala upande huu wakawashuku watu wa Kasigau kwamba wanawasaidia adui. Mwaka 1915 wakawahamisha kwa nguvu, wakawapeleka sehemu za Malindi. Wengi walikufa huko ugenini, na waliosalia walikuja kurudi kwao katika miaka ya 1930. Mama yake nyanya huyu alikuwa msichana katika safari ile, na nyanya aliyasikia mambo hayo kinywani mwa mama yake.

Basi tukaketi. Tukaitoa simu yetu, tukaiweka juu ya kigoda mbele yake, tukabonyeza mahali pa kunasa sauti, tukasema, "Haya nyanya, tueleze." Akaitazama simu. Akakohoa kidogo. Akasema watu walichukuliwa, wakatembea, wakafika, wakafa wengi, wakarudi. Kisha akanyamaza. Tulipoangalia, zilikuwa zimepita dakika nne. "Ni hayo tu, mchungaji," akasema. Nasi tulikuwa na mkutano wa kamati Voi, kwa hiyo tukamshukuru, tukaomba pamoja naye, tukasimama kuondoka.

Wakati huohuo wajukuu wakaingia kutoka shuleni. Msichana mmoja, wa miaka tisa hivi, akatupa mkoba wake chini, akauliza, "Nyanya, jana tuliishia wapi?" Nyanya akacheka, akasema, "Paukwa!" Wote wakaitika, "Pakawa!" Akaanza na kisa cha sungura ambacho hakikuhusu vita wala Malindi. Lakini katikati ya kisa sungura akashikwa na njaa, naye nyanya akasema, "Njaa kama ile ya mama yangu njiani," na papo hapo akaingia katika ile safari. Akaimba wimbo ambao hakuuimba mbele ya simu. Akasimama, akaonyesha kwa mikono yake jinsi mama yake alivyofunga mzigo kichwani. Yule msichana akauliza, "Na maji, waliyapata wapi?" Nyanya akamjibu, na jibu lile halikuwamo kabisa katika zile dakika nne.

Sisi tulikuwa tumesimama mlangoni, simu imo mfukoni, imezimwa. Tukasikiliza kidogo, tukatazama saa, tukaenda zetu kwenye kamati. Tulisema moyoni kwamba tutarudi siku nyingine na kunasa yote. Hatukurudi. Kabla ya mwaka kwisha nyanya alilala usingizi wake wa mwisho, nasi tukabaki na dakika nne.

Tangu siku ile tumejiuliza mara nyingi: Kwa nini simu ilipewa dakika nne, na watoto wakapewa jioni nzima?

Jibu ni kwamba hadithi ya mdomo haitolewi na mtu mmoja. Tunapomsikia mzee akisema, "Hadithi, hadithi!" na watoto wakiitika, "Hadithi njoo!" tunadhani ni pambo la kuanzia tu. Sivyo. Ni mapatano. Msimulizi anauliza, "Je, mko tayari?" na wasikilizaji wanajibu kwamba wako tayari, tena watamsaidia. Mwitikio ukiwa hafifu, anajua watoto wamechoka, naye ataanza na kichekesho. Ukiwa mkubwa, anajua wamemfuata, naye atathubutu kuwapeleka mbali. Katikati anaweka wimbo, na wimbo huo una kazi: unampa nafasi ya kupumua na kukumbuka, tena unawafanya wasikilizaji wote kuwa wasimulizi kwa muda. Anarudia maneno yaleyale mara tatu ili mtoto wa mwisho ayashike. Akiona uso wa mtoto umejaa hofu, analegeza. Akiulizwa swali, mlango unafunguka ambao yeye mwenyewe alikuwa ameusahau. Ndiyo maana wazee hawasimulii kisa kimoja mara mbili kwa namna moja. Mifupa ni ileile, lakini nyama huongezwa au kupunguzwa kufuatana na wanaokula.

Sasa iwekeni simu mbele ya mtu wa namna hiyo. Simu haiitiki. Haicheki, haishangai, haiulizi maji yalipatikana wapi. Nyanya yule hakuwa mchoyo wala hakuwa amesahau. Tulimnyima wasikilizaji, halafu tukashangaa kwamba hadithi haikuja.

Lakini, ndugu zangu, tusikimbilie kusema kwamba vyombo vya siku hizi ni adui. Hadithi zimekutana na vyombo vipya mara nyingi, nazo hazikufa. Tutatoa mfano mmoja ambao wengi wenu mnaujua tangu utotoni: kisa cha kima na papa. Papa alifanya urafiki na kima, akamchukua mgongoni kumpeleka kwao. Walipofika katikati ya bahari, papa akamwambia kweli: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akamjibu kwamba kima wanapotembea huiacha mioyo yao mitini, basi na warudi wakauchukue. Papa akamrudisha, kima akaruka mtini, na urafiki ukaishia hapo.

Kisa hiki kinatoka wapi? Bara Hindi, zamani sana, kilikuwamo katika mkusanyo wa ngano uitwao Panchatantra, na huko aliyetaka moyo wa kima alikuwa mamba. Katika karne ya nane Ibn al-Muqaffa alizitia ngano hizo katika Kiarabu, katika kitabu kiitwacho Kalila wa Dimna, na humo mwenziwe kima ni kobe. Kisha kisa kikavuka bahari kikafika pwani yetu, na mamba na kobe wakawa papa, kwa sababu watoto wa Unguja walimjua papa na kumwogopa. Kila msimulizi alichagua mnyama ambaye wasikilizaji wake wanamfahamu.

Hatimaye akaja Mwanglikana mmoja, Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na kufanywa askofu mwaka 1874. Yeye aliketi akawasikiliza watu wa Unguja wakisimulia, akaandika kwa Kiswahili chao, na mwaka 1870 kitabu chake Swahili Tales kikachapwa London. Kisa cha kima na papa kimo humo. Tazameni basi njia kilichopita: kinywa, kitabu, kinywa tena, kitabu tena. Kila mara kilipoingia kitabuni kilihifadhiwa, na kila mara kilipotoka kinywani kilipata mwili mpya. Kama kingalibaki Bara Hindi kitabuni tu, watoto wetu wasingalikijua. Na kama Askofu Steere asingaliandika, tusingalijua leo jinsi watu wa Unguja walivyokisimulia zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Hata hivyo kitabu kile kilipoteza kitu. Tunayo maneno ya wasimulizi wale, lakini sauti zao hatunazo. Hatujui walinyamaza wapi, wala waliwatazama vipi wasikilizaji walipofika katikati ya bahari. Kila chombo kinatoa kwa mkono mmoja na kuchukua kwa mkono wa pili. Tukilifahamu jambo hili tutaweza kuvitumia vyombo bila kuviabudu wala kuvitukana.

Redio nayo ni hivyohivyo. Utangazaji ulianza katika nchi yetu mwaka 1928. Redio iliirudisha sauti ambayo kitabu kiliipoteza, lakini ikaliondoa jibu. Sisi tunaozungumza nanyi sasa hatuwaoni. Pengine mmoja anapika, mwingine anaendesha gari, mwingine amekwisha kulala. Mtangazaji hodari hutafuta dawa ya upungufu huo. Wengi wetu tulilelewa na sauti ya marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwezi wa Februari 2025. Kipindi chake kilianza mwaka 1966 na kikaendelea kwa zaidi ya miaka 50. Kumbukeni jina lake: "Je, Huu Ni Ungwana?" Jina lenyewe ni swali. Alieleza tabia fulani ya watu, kisha akamwachia msikilizaji hukumu. Kule nyumbani baba na mama walibishana, mtoto akatoa maoni yake. Hiyo ilikuwa ni "pakawa" iliyosemwa mbali na kipaza sauti.

Je, simu na intaneti zinatoa nini? Zinatoa mengi. Simu moja hunasa sauti, uso na mikono, mambo ambayo Askofu Steere hakuweza kuyapata. Nyanya aliye Kasigau anaweza kumsimulia mjukuu aliye Doha au London usiku huohuo, na mjukuu akamjibu. Hadithi zetu zinapata pa kukaa pia. Mpango uitwao African Storybook, wa shirika la Saide la Afrika Kusini, tangu mwaka 2014 umeweka mtandaoni vitabu vidogo vya watoto katika lugha nyingi za Kiafrika, na mwalimu yeyote anaweza kuvisoma bure na hata kuvitafsiri. Lugha ambayo haikupata mchapaji kwa miaka mingi inaweza kupata msomaji leo. Hayo ni mema, nasi tunayashukuru.

Lakini simu inachukua nini? Kwanza, inachukua subira. Video fupi hutaka kumshika mtu katika nukta chache za mwanzo, na asiposhikwa huipitisha kwa kidole. Hadithi ya mzee huanza polepole, kwa sungura na njaa yake, na mahali inapokwenda hatupajui. Pili, inachukua mkusanyiko. Watoto watano wanaweza kukaa chumba kimoja, kila mmoja na hadithi yake masikioni, na asiwepo wa kucheka pamoja na mwenzake. Tatu, inachukua mwenyewe wa hadithi. Habari ikipelekwa huku na huku, baada ya siku mbili haijulikani ni ya nani, ya ukoo gani, wala aliisema kwa nia gani. Tusisahau kwamba hapa Kenya kuna sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii. Mambo ya wazee yana wenyewe.

Tena inatupa usalama wa uongo. Tunasema, "Tumekwisha kuihifadhi." Halafu simu inajaa, inaibwa, au inaanguka majini. Na hata isipopotea, ni nani aliyeifungua tena kusikiliza? Siku hizi, tangu mwishoni mwa mwaka 2022, watu wengi wamezoea pia mitambo ya kompyuta inayoweza kutunga hadithi mara moja ukiiomba. Inaweza kutunga vizuri. Lakini mtambo haukuzaliwa na mama aliyetembea mpaka Malindi. Ukimsimulia mtoto kisa cha mtambo, amepata kisa. Ukimsimulia habari za bibi yake mzaa babu, amejua yeye ni mtoto wa nani.

Sasa Maandiko yanatufundisha nini katika jambo hili? Katika Yoshua sura ya 4, Waisraeli walipovuka Yordani waliagizwa kutwaa mawe kumi na mawili na kuyasimamisha. Kwa nini mawe? Ili siku zijazo watoto watakapoyaona wawaulize baba zao maana yake, nao baba wapate kueleza. Angalieni vizuri, wapendwa. Mawe yale hayakuandikwa habari ya kuvuka ili watoto wajisomee wenyewe. Yaliwekwa ili yalete swali, na swali lilete mazungumzo. Mawe hayakuchukua nafasi ya baba. Simu yetu ingefaa kuwa jiwe la namna hiyo.

Nathani naye, katika 2 Samweli sura ya 12, alikwenda kwa Daudi na kisa cha maskini na mwana-kondoo wake mmoja. Daudi alikasirika, akamhukumu yule tajiri, ndipo nabii akamwonyesha kwamba ndiye yeye. Je, barua ingalifanya kazi hiyo? Daudi angaliisoma, akamsikitikia maskini, akaikunja. Ilimpasa Nathani awepo, amtazame mfalme usoni, ajue saa ya kusema neno la mwisho. Na yule mzee aliyeandika Waraka wa Pili wa Yohana anamalizia kwa kusema kwamba anayo mengi ya kuandika, lakini hapendi kuyasema kwa karatasi na wino, anatumaini kuja na kuzungumza nao uso kwa uso, ili furaha yao itimizwe. Alikuwa na chombo cha siku zake, tena alikitumia. Lakini alijua mwisho wa uwezo wake.

Basi tufanye nini? Tunawapa mashauri machache, ambayo sisi tumejifunza kwa hasara.

La kwanza, mkitaka kunasa hadithi ya mzee, wapelekeeni watoto kabla ya kumpelekea simu. Watoto wakae mbele, simu ikae kando, iachwe ifanye kazi yake bila kutazamwa. Msiizime kwa sababu mzee ameanza kusimulia mambo ya sungura. Njia yake ndiyo hiyo.

La pili, mwacheni aseme kwa lugha yake. Mtatafsiri baadaye. Wimbo ukitafsiriwa njiani hufa njiani.

La tatu, ombeni ruhusa, naye ajue mtaipeleka wapi. Yapo mambo ya ukoo ambayo si ya kutangazwa, na mzee anayajua.

La nne, mkimaliza, semeni kwa sauti jina lake, mahali, tarehe, na aliyemsimulia yeye. Nakala moja haitoshi. Wekeni moja nyumbani, moja kwa ndugu aliye mbali, moja kanisani pamoja na vitabu vya ubatizo na ndoa.

La tano, na hili ni kubwa kuliko yote: kabla ya juma kwisha, mwombeni mtoto mmoja aisimulie upya. Atakosea. Atasahau jina, ataongeza kichekesho chake. Msimkemee. Mamba aligeuka kobe, kobe akageuka papa, na moyo wa kima ungali mtini mpaka leo.

Nasi wachungaji na walimu wa Shule ya Jumapili, tujihukumu. Mara ngapi tumewapa wazee wetu dakika mbili za kusalimia, kisha tukaendelea na matangazo? Mara ngapi tumewafundisha watoto mifano ya Bwana kwa kuwasomea tu, wala tusiwaulize, kama yeye alivyomwuliza yule mwanasheria, ni nani katika hawa aliyekuwa jirani?

Tuseme neno moja la mwisho juu ya Kasigau. Mwaka jana tulirudi kule kwa ibada ya watoto. Mwalimu akasema, "Leo tunaye msimulizi." Akasimama yule msichana, sasa amekua, akasema, "Paukwa!" Kanisa zima likaitika. Akaanza na sungura. Tulipoufikia wimbo tuliutambua. Baadaye tukamsikilizisha zile dakika nne za simu yetu. Alisikiliza kimya mpaka mwisho, akasema, "Hii ni sauti ya nyanya, lakini hapa hakuwa anasimulia." Kisha akatuomba tumpelekee sauti ile, akae nayo. Tukampelekea palepale. Safari hii hatukutazama saa, tukamwuliza, "Na maji, waliyapata wapi?" Akatueleza.

Na tuombe. Ee Mungu wa baba zetu na mama zetu, twakushukuru kwa vinywa ulivyotumia kutufikishia mema. Utusamehe kwa haraka yetu. Utupe masikio ya kusikiliza wazee wetu wangali hai, na ndimi za kuwasimulia watoto wetu. Vyombo ulivyotujalia vitutumikie, visitutawale. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Wapenzi wasikilizaji, usiku wa leo zimeni redio mapema kidogo, mwiteni mtoto, mseme, "Hadithi, hadithi!" Kwaherini, na Mungu awabariki.